Paluku Akizaliwa Mara ya Pili

Butembo, mashariki ya Kongo, ni mji wa wafanyabiashara, na wafanyabiashara wake ni watu wa kusali. Jumapili asubuhi barabara ya kwenda Katwa, kitovu cha Wabaptisti, hujaa watu waliovaa vitenge vilivyopigwa pasi, Biblia kwapani, na upande mwingine wa mji kengele za parokia zimeshalia. Katika mji wa namna hiyo swali la "Umeokoka?" si swali la faragha. Huulizwa sokoni, huulizwa shuleni, na familia ya kijana anayeposa hulisikia kabla hata bei ya mbuzi haijatajwa. Mkristo wa CBCA, yaani Mbaptisti, au wa CEPAC, yaani Mpentekoste, hulijibu kwa tarehe: nimeokoka tangu mwaka fulani, kwenye kampeni fulani ya injili, chini ya mahubiri ya fulani. Mkatoliki hujibu kwamba alibatizwa angali mchanga. Wote wawili wamelielewa swali. Anayebaki na kazi ni aliyeuliza, maana majibu hayo hayako katika wakati mmoja wa sarufi.

Nitalifuata jambo hili kwa njia ya sarufi, na sababu ni rahisi. Hakuna kanisa Butembo wala Beni linalofundisha kwamba kuzaliwa mara ya pili si kitu. Wote wameisoma sura ya tatu ya Yohana, wote wanamjua Nikodemo, yule mzee aliyekuja usiku na kuuliza atarudije tumboni mwa mama yake. Wanachogombania ni lini, na kwa mkono wa nani. Lini na nani ni mambo ambayo kitenzi cha Kiswahili hakiwezi kuyaficha hata kikitaka.

Kuzaliwa ni kitenzi cha kutendwa. Ile l iliyomezwa katika zaa inarudi katika zaliwa na mzaliwa, na ikirudi inakuja na mtu mwingine, yaani aliyezaa. Kuokoka ni mtu wa ukoo tofauti. Kiko kundi moja na vunjika, mwagika, chanika na funguka: jambo limetokea, mtendaji hatajwi. Chungu kimevunjika, nani kakivunja, sentensi haisemi. Ukimtaka mtendaji itabidi useme okolewa. Hivyo "nimeokolewa na Yesu" na "nimeokoka" zinasimulia tukio moja, lakini ya kwanza inamleta Mwokozi hadi mlangoni, na ya pili inamwacha mwokokaji amesimama peke yake katikati ya sebule. Naona hapo ndipo kicheko cha Wakatoliki dhidi ya walokole kinapoanzia. Mlokole anaposema "mimi nimeokoka", yeye anamshukuru Mungu. Sikio la Mkatoliki linasikia mtu akijisifu. Mlokole hakukosea, wala sikio la jirani yake halikosei. Ni umbo la -ka tu linalofanya kazi yake.

Halafu kuna -me-. Nimesimama maana yake nilisimama na mpaka sasa niko wima. Nimeokoka vilevile ni tukio la siku ile na hali ya leo kwa pamoja, na ndiyo maana mlokole aliyeanguka hasemi kwamba hakuokoka. Anasema alirudi nyuma. Kuna pia kile kiambishi kidogo cha kukanusha ambacho Kifaransa chetu cha shule kinahitaji maneno mawili kukifikia: -ja-. "Ni mtu mzuri sana, ila hajaokoka." Sentensi hii husemwa kila siku juu ya majirani Wakatoliki, na ina adabu yake. Haisemi kwamba hakuokoka, kana kwamba mlango umefungwa. Inasema bado, na anayesema anaonekana kungoja. Mkatoliki anayeambiwa hivyo hukasirishwa na ngoja hiyo kuliko ambavyo angekasirishwa na hukumu, kwa sababu yeye anaamini jambo lenyewe lilikwisha miaka thelathini iliyopita, ndani ya dakika chache, huku yeye akilia kwa baridi ya maji.

Biblia ya Kiswahili ile ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952 na ambayo Waprotestanti wengi wa Afrika Mashariki wamelelewa nayo, haimpi hata mmoja wao ushindi. Katika Waefeso 2 kitenzi kiko katika hali timilifu, mmeokolewa. Katika Wakorintho wa Kwanza 1 kinaendelea, tunaookolewa. Katika Mathayo 24, mahali pa kuvumilia mpaka mwisho, kinaruka hadi wakati ujao, na hapo watafsiri wakachagua okoka yenyewe: atakayeokoka. Nyakati tatu, kitabu kimoja. Mhubiri wa kampeni hukaa zaidi Efeso, padri hupenda kumalizia na Mathayo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Maneno "mara ya pili" ni ya kuhesabu, na watu wa huku wanahesabu kuzaliwa kwa umakini ambao sijauona kwingine. Kwa Wanande, wanaojiita pia Wayira, jina la mtoto linatangaza nafasi yake kwa mama. Mvulana wa kwanza ni Paluku, au Mumbere. Wa pili Kambale. Wa tatu Kasereka. Wa nne Kakule. Wa tano Katembo. Msichana wa kwanza ni Masika. Ukiita "Kambale!" katikati ya soko la Butembo watageuka vijana wengi, na kila mmoja atakuwa amekiri kabla ya kufungua mdomo kwamba kuna aliyemtangulia. Basi Paluku akizaliwa mara ya pili, ataitwa Kambale? Swali ni la mzaha, lakini si la kijinga kuliko la Nikodemo, na linafunua kitu. Kwa Mnande kuzaliwa wa pili ni kuzaliwa mtu mwingine, tumbo lilelile. Kwa mhubiri kuzaliwa mara ya pili ni mtu yuleyule, tumbo jingine.

Kanisa Katoliki lilikuwa na jibu lake kwa mzaha huo: jina la ubatizo. Paluku aliingia kanisani Paluku akatoka Paluku Emmanuel, na kuzaliwa kwake kote kuwili kukawa kunatamkika. Kisha ukaja mwaka 1972, Mobutu akaamuru raia wa Zaire waache majina ya Kikristo ya kigeni na warudi kwenye ya mababu. Kardinali Malula wa Kinshasa aliyepinga mambo hayo alijikuta uhamishoni Roma. Karibu miaka ishirini, hadi utawala wa chama kimoja ulipoanza kulegea mwaka 1990, serikali ilimtambua Mzaire kwa kuzaliwa kwake kwa kwanza tu. Jina la kuzaliwa kwa pili lilibaki vinywani mwa mama na mapadri. Waprotestanti hawakuumia sana kwa upande huo. Kwao tarehe ya kuokoka haikuwahi kuandikwa kwenye kitambulisho.

Je, hesabu hiyo imo katika maneno ya Yesu? Neno la Kigiriki ni anothen, na ni neno lenye nyuso mbili. Uso wa kwanza ni "kutoka juu". Pazia la hekalu lilipopasuka, katika Mathayo 27, lilipasuka anothen, yaani tangu juu hadi chini. Vazi la Yesu lisilo na mshono, katika Yohana 19, lilifumwa anothen, kuanzia juu. Uso wa pili ni "tena, upya", kama Paulo anavyolitumia kwa Wagalatia akiwashangaa wanaotaka kurudi utumwani. Nikodemo alisikia uso wa pili ndipo akauliza habari za tumbo la mama. Mwandishi wa Yohana anajua kabisa kwamba mzee amesikia nusu, na mazungumzo yote yanakwenda mbele kwa nguvu ya nusu ile iliyokosekana. Mchezo huo wa neno hauvuki mpaka. Mtafsiri lazima achague uso mmoja na kuupoteza wa pili.

Kiswahili cha Union kilichagua "mara ya pili". Habari Njema, tafsiri ya baadaye ambayo Wakatoliki na Waprotestanti wanaweza kuisoma pamoja, ilichagua "upya". Mimi kati ya hayo mawili napenda la kwanza. Upya tumeshalichosha: tunaandikisha wapiga kura upya, tunapaka nyumba rangi upya, tunaanza mazungumzo ya amani upya. Mara ya pili angalau inashtua, inamlazimisha msikilizaji aulize kama Nikodemo alivyouliza. Lakini kwa Kifaransa, lugha ya madarasa yetu, mambo yamegawanyika kwa rafu. Biblia ya Louis Segond, iliyo mikononi mwa Waprotestanti wengi, inasema tena. Biblia ya Yerusalemu, inayotumika seminarini na parokiani, inasema kutoka juu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben na mwenzake aliyelelewa Katwa wanaweza kufungua aya ileile jioni ileile, mmoja akasoma habari za wakati na mwingine habari za mahali.

Ingekuwa vizuri kudai kwamba ugomvi wote umetoka hapo. Haukutoka hapo. Kilatini cha Kanisa Katoliki kwa karne nyingi kilisoma "tena", si "kutoka juu", na mafundisho ya ubatizo hayakutikisika. Watu hawasomi aya moja kwa wakati. Mkatoliki anapofika aya ya tano, penye maji na Roho, anaona kisima cha ubatizo. Mbaptisti anaona maji ya uzazi wa kwanza, au utakaso ambao nabii Ezekieli aliutabiri, au Neno lenyewe. Kisima hakioni, na hataki kukiona.

Mapadri Wakatoliki wa shirika la Assomption walifika eneo hili mwaka 1929. Wamisionari Wamarekani walioanzisha kazi ambayo baadaye ingekuwa ya Wabaptisti, na Katwa ikawa kitovu chake, walikuja mnamo miaka hiyohiyo. Kwa hiyo Mnande alipata dini mbili za Kikristo karibu siku moja, na hakupata nafasi ya kuzoea maana moja ya neno kabla ya kuletewa ya pili. Kwa Wakatoliki kuzaliwa mara ya pili ni tendo la Mungu katika sakramenti. Lina shahidi, lina padri, lina mzazi wa ubatizo anayemshika mtoto, na lina kitabu. Kitabu hicho ni kitu cha kutazama kwa karibu: mstari mmoja kwa kila mtu, jina, wazazi, tarehe, aliyebatiza, na pembeni nafasi iliyoachwa wazi. Kipaimara kitaandikwa pale, ndoa itaandikwa pale. Mtu akioa Kinshasa, barua hurudi parokiani Butembo ili karani ajaze ukingo wa mstari ulioanza siku asiyoikumbuka mwenyewe. Wakatoliki wanapoambiwa kwamba hawajui siku waliyozaliwa mara ya pili, jibu lao la kimyakimya ni kwamba hawahitaji kuijua. Imeandikwa. Nani aikumbukaye siku aliyozaliwa mara ya kwanza?

Hoja hiyo ina nguvu kuliko wanavyodhani hata wanaoitoa. Kitenzi ni cha kutendwa, na mtoto mchanga ndiye mtendwa kamili.

Kwa Wabaptisti kitabu ni mdomo. Mtu husimama mbele ya kutaniko na kutoa ushuhuda: nilizaliwa katika nyumba fulani, nilikuwa mlevi au nilikuwa mwema wa nje tu, nikasikia neno, nikakata shauri. Kukata shauri! Sijui kama kuna msemo wa Kiswahili uliofanya kazi kubwa zaidi katika teolojia ya eneo hili. Shauri hukatwa kama kesi inavyokatwa. Baada ya hapo hakuna rufaa. Na mkataji ni mtu mwenyewe. Hapa kuna mgongano ambao mahubiri huupita haraka: mtu anakata shauri, kitenzi cha kutenda chenye mtendaji dhahiri, na papo hapo anazaliwa, kitenzi cha kutendwa. Wachungaji wa Kibaptisti waliosoma wanalijua hilo na hulieleza vizuri, kwamba Roho hutangulia na uamuzi hufuata. Lakini kampeni haina muda wa kutangulia na kufuata. Kampeni inasema, njoo mbele.

Maji huja baadaye, na huja kwa wingi. Ubatizo wa maji mengi, watu husema, dhidi ya ule wa maji machache; mtu mzima anazamishwa wote, nguo nyeupe zinashikamana na mwili, kwaya inaimba ukingoni. Maji hayamzai mtu. Yanatangaza tu kwamba amekwisha kuzaliwa. Ndiyo sababu Mkatoliki anayehamia kwao hubatizwa, na ndiyo sababu wao hawakubali kwamba amebatizwa mara ya pili. Lile la kwanza, kwao, lilikuwa kuloweshwa. Ugomvi huu juu ya kuhesabu umewahi kuua. Zürich, mwezi wa kwanza wa mwaka 1525, kikundi kidogo cha watu wazima waliokwisha kubatizwa utotoni walibatizana, na wapinzani wakawapa jina la Kigiriki lenye maana ya wanaobatiza tena. Wenyewe walilikataa jina hilo kwa hoja ileile ya Katwa. Miaka miwili baadaye mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa katika mto Limmat akafa. Baraza la mji liliona maji ndiyo adhabu inayofaa. Kanisa Katoliki kwa upande wake halimbatizi tena aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu, awe ametoka Katwa au kokote. Mbaptisti anayehamia parokiani hupokelewa na maji yake. Anayekwenda upande wa pili huyaacha mlangoni.

Hayo yote yangekuwa rahisi kama Waprotestanti wangekuwa upande mmoja. Hawako. Sheria ya Zaire ya mwisho wa mwaka 1971 ilitambua kundi moja tu la Waprotestanti, lile linaloitwa leo Kanisa la Kristo katika Kongo, na misheni zote zikaingia humo kama komunote zenye namba. Mpaka sasa watu hutumia namba kama jina: wa Tatu ni CBCA, iliyokuwa CBK, wa Nane ni CEPAC, Wapentekoste waliotokana na misheni ya Waswidi, CECA hubeba 20 yake hadi kwenye bango la mlangoni. Chini ya paa hilo moja la kisheria wamo wanaokataa kubatiza watoto na wanaobatiza watoto. Waanglikana ni hao wa mwisho.

Waanglikana wa Kivu Kaskazini, wenye dayosisi yao Butembo, wana asili yao Boga, ambako Apolo Kivebulaya alifika kutoka Uganda mwaka 1896. Kitabu chao cha sala, kile cha 1662, kinamtangaza mtoto kuwa amezaliwa upya mara tu anapobatizwa. Uingereza yenyewe ilishindwa kukubaliana kama maneno hayo yanamaanisha yanayoyasema. Mwaka 1847 askofu Henry Phillpotts wa Exeter alimkatalia parokia kasisi George Gorham, kwa kuwa Gorham alisema mtoto hazaliwi upya papo kwa papo kwa ubatizo. Kesi ilipanda hadi Baraza la Malkia, na mwaka 1850 Gorham alishinda. Mahakama ya serikali iliamua kwamba kuzaliwa mara ya pili kunaweza kuwa na maana mbili ndani ya kanisa moja, na baadhi ya wakubwa wa kanisa hilo, akiwamo kasisi Manning, wakakimbilia Roma kwa hasira. Huwa nacheka kidogo nikiwaza kwamba jambo ambalo Butembo hulijadili juu ya sahani ya ugali lilimalizwa London na wanasheria.

Halikumalizwa. Katika miaka ya 1930, Gahini nchini Rwanda, ukazuka Uamsho uliotapakaa Uganda, Kenya, Tanganyika na mashariki ya Kongo. Watu wake waliitwa kwa Kiganda abalokole, waliookoka, na jina lilikuwa na kejeli kabla ya kuwa na heshima. Kiswahili kililipokea zima, likawa walokole, ijapokuwa kilikuwa na kitenzi chake kinachofanana nalo kama ndugu. Nadhani kilihitaji neno la kigeni kwa sababu "waokokaji" lingekuwa sifa tu, na watu walitaka kabila. Walokole walikuwa Waanglikana waliobatizwa utotoni, ambao kitabu cha sala kilikwisha kuwaita waliozaliwa upya, na sasa walikuwa wakiwaambia wenzao, hata makasisi, kwamba hawajazaliwa bado. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha teolojia cha Mukono kwa ukaidi wa namna hiyo. Hapo ndipo msemo "Mkristo wa jina" ulipopata makali yake. Na mlokole wa Kianglikana bado anaishi na kuzaliwa kuwili kwa pili, kumoja kwenye kitabu na kumoja moyoni, wala hakuna anayemwomba afute kumoja.

Wengine nitawapita upesi. Wafuasi wa William Branham, Mmarekani aliyefariki mwaka 1965 na ambaye Kongo imempenda kuliko kwao, hubatiza upya kwa jina la Yesu peke yake, kwa hiyo hata maji mengi ya Katwa kwao hayahesabiki. Mashahidi wa Yehova ndio wanaoshangaza zaidi. Kwao kuzaliwa mara ya pili ni kwa watu 144,000 tu watakaotawala mbinguni. Mwaminifu wa kawaida anayegonga mlango wako asubuhi ya Jumamosi hakuzaliwa mara ya pili, hatazaliwa, na hana wasiwasi.

Beni iko kilomita hamsini na kitu kaskazini mwa Butembo, na huko maneno haya yamepata uzito mwingine. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2014 jeshi lilianzisha operesheni dhidi ya waasi wa ADF, likaipa jina la Kilingala, Sukola: osha. Mwezi wa kumi mwaka huohuo mauaji ya raia yakaanza, na tangu hapo yamezunguka Oicha, Eringeti, Mbau na vijiji vya kando ya mji. Mtu wa huko anaweza kusema nimepona, nimeponyoka au nimeokoka, na ni neno hilo la tatu linalonivutia. Msikilizaji aliyetoka Butembo akisikia "niliokoka mwaka 2014" lazima asubiri sentensi inayofuata ajue kama ni kampeni ya injili au ni panga. Mara nyingi ni vyote viwili: aliyekimbia kutoka shambani usiku na kufika mjini akiwa hai husimama kanisani Jumapili, na ushuhuda wake hauna mshono kati ya Mungu aliyemtoa porini na Mungu aliyemtoa dhambini. Na hapa Mkatoliki, aliyekataa kitenzi hicho maisha yake yote kwa kuogopa kujisifu, anakitumia bila kusita. Nimeokoka. Umbo la -ka halimtaji mtendaji, na mtu aliyejificha kwenye majani huku akisikia nyayo mara nyingi hajui amtaje nani zaidi ya Mungu.

Tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka katika kanisa Katoliki la Emmanuel-Butsili mjini Beni, asubuhi ambayo watoto walikuwa wapewe kipaimara. Wanawake wawili walijeruhiwa. Ibada haikuwa imeanza. Tarehe 15 Januari 2023 bomu jingine lilipasua kusanyiko la wa Nane, CEPAC, huko Kasindi mpakani na Uganda, katika ibada ya siku ya ubatizo, na watu zaidi ya 10 wakafa. Swali ambalo wanateolojia hulitumia kama mfano darasani, la mtu anayekufa akiwa njiani kwenda majini, lilikuwa swali la mtaa mzima jioni ile. Mafundisho ya Kikatoliki yana msamiati wake kwa mtu huyo: ubatizo wa tamaa kwa aliyeutaka na kifo kikamtangulia, na ubatizo wa damu kwa aliyeuawa kwa ajili ya imani. CEPAC hawana istilahi ya jambo hilo. Hawakuihitaji, kwa kuwa kwao aliyefika pale na nguo zake nyeupe mfukoni alikuwa amekwisha kuzaliwa, na maji yalikuwa ya kuwaambia wengine.